Uvira na hakimu anayekosekana

Kutoka Uvira hadi Bujumbura hazifiki kilomita 30, na anayeuza ndagala Kavimvira humhitaji mnunuzi wa Gatumba kuliko anavyomhitaji waziri wa Kinshasa. Kwa hesabu ya soko, ufuko huu wa kaskazini mwa Tanganyika ungekuwa umeungana zamani. Wakubwa nao walijaribu: Septemba 1976 Zaire (Kongo ya leo), Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na Aprili 2022 Kongo ikatia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo lengo lake la mwisho ni shirikisho la kisiasa. Desemba 2025 waasi wa M23 wakaingia Uvira, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini makubaliano Washington. Tumezoea kulalamika kwamba sheria zimevunjwa. Zimevunjwa, naam, lakini maafa mengi ya huku yalianzia kwenye haki halali zilizotumiwa kwa kazi zisizokuwa zake.

Tuanze na uraia. Hakuna anayebisha kwamba kila nchi ina haki ya kuamua raia wake ni nani. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu tangu kabla ya 1950. Ile ya Juni 1981 ikaufuta na kudai ukoo uliokuwa nchini tangu Agosti 1885. Aprili 1995 Bunge la mpito likapitisha azimio la kuwarudisha makwao wakimbizi na wahamiaji wa Rwanda na Burundi, na hapa Uvira likasomwa kuwa linawagusa Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini. Mamlaka ya kutunga sheria ya uraia yapo ili mtu aijue nchi yake, si ili kura na malisho ya jirani yapate mwenyewe mwingine. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Banyamulenge wiki moja waondoke, na kabla ya mwezi kwisha Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL na jeshi la Rwanda. Sheria ya 2004 ilirekebisha mambo kwa kuufanya uhuru wa 1960 kuwa kipimo, ila mtu aliyewahi kunyang'anywa uraia kwa muhuri halali haachi kuuogopa muhuri.

Msomaji wa Uvira ataniuliza kama kusema haya si kuipa Kigali kisingizio. Sivyo. Haki ya kujilinda nayo ina mpaka wake. Hofu ya Rwanda ina msingi, kwani FDLR, waliotokana na masalia ya wauaji wa 1994, wangali Kivu. Lakini Uvira inatazamana na Burundi, si Rwanda, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia M23, jambo ambalo Kigali inakana. Kosa la Bunge la 1981 halimtakasi anayevuka mpaka na mizinga.

Nani basi wa kuamua? Uganda nayo ilidai kwamba ilikuwa Kongo kujilinda; Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaikatalia Desemba 2005, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Miezi miwili baadaye Kongo ilijiunga na jumuiya ambamo Uganda ni mwanachama. Sidai kwamba hukumu ndiyo iliyofungua mlango, ila deni lililohesabiwa huacha nafasi ya mazungumzo. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyohiyo ilisema Februari 2006 kwamba haina mamlaka, na shauri likakaa karibu miaka 20 hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipokubali, Juni 2025, kusikiliza kesi ya Kongo.

Wengine watasema hukumu ya mahakama haizuii risasi. Kweli, lakini Uganda ilianza kulipa 2022 bila kulazimishwa kwa risasi. Ninachohofia zaidi ni hakimu aliyefungwa mikono. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoigusa Kenya mwaka 2006 juu ya uteuzi wa wabunge wa jumuiya hiyo, nchi wanachama zilikimbilia kuurekebisha mkataba: raia akapewa miezi miwili tu ya kufungua kesi, na mambo yaliyoachiwa taasisi za nchi yakawekwa nje ya mamlaka yake. Humo ndimo haki inayotumiwa vibaya hujificha. Kongo ingeweza kuwa ya kwanza kudai vifungu hivyo viondolewe, ikijua kwamba siku hiyo hata vyeti vya uraia vinavyotolewa Uvira vitakuwa na mahali pa kuulizwa.