Njia Twaijua, Mwenye Njia Je?

Zamani mtu aliyekuwa na neno zito la kumwambia mwenzake alilitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi na kuipeleka posta. Karani aliona jina la mpelekewa na mji anaokaa, hakuona yaliyomo. Na bahasha ikifika imechanika, mpokeaji alijua kuna mkono uliopita humo. Leo barua zetu, fedha zetu na madaftari ya matawi yetu yapita katika intaneti, wala wengi wetu hatujui yapita mikononi mwa nani. Kwa hiyo juma hili twataka kusema na wanachama juu ya jambo ambalo wazee wetu wengi wameliacha kuwa la vijana, nalo ni ile njia ya kufumba mawasiliano iitwayo VPN, au kwa mafundi, handaki la SSH.

Tuseme katibu wa tawi amekuja mjini kwa mkutano. Amelala nyumba ya wageni, na usiku afungua kompyuta ili atume orodha ya wanachama waliolipa ada, majina na namba za simu. Atumia waifai ya bure ya hapo hapo. Mwenye mtambo ule, au mgeni wa chumba cha pili aliye fundi tena mwenye nia mbaya, aweza kukaa katikati akasikiliza. Ni kweli kwamba tovuti nyingi siku hizi, zile ambazo anwani zake huanza kwa https, hufumba yaliyomo hata msikilizaji asiyasome. Lakini aghalabu bado huona jina la tovuti, saa uliyoingia na muda uliokaa. Je, hayo ni machache? Mtu akikuona umeingia tovuti ya zahanati fulani mara nne kwa juma moja, hana haja tena ya kusoma cheti cha daktari.

Handaki lafanya hivi. Kompyuta yako hukusanya safari zako zote, huzitia ndani ya mfuko mmoja uliofumbwa, na kuupeleka kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, pengine Nairobi, pengine Frankfurt. Hiyo ya mbali ndiyo wakala wako. Hufungua mfuko, huenda kwenye tovuti kwa niaba yako, huchukua majibu, huyafunga tena na kukuletea. Mwenye nyumba ya wageni huona mfuko unapita kuelekea mahali pamoja tu; hajui ndani mna nini wala mwisho wa safari ni wapi.

Wako wanaosema kwamba kitu hiki ni cha wezi. La hasha. Mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchi ya Finland, mtu alitega programu ya kunasa majina na maneno ya siri ya watumiaji wa mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja hapo, Tatu Ylönen, (jina lake la kwanza kwetu sisi ni hesabu), alikaa akaandika SSH ili maneno ya siri yasipite tena uchi njiani, na mwezi Julai mwaka huo huo akaitoa kwa watu bure. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeenea katika nchi zipatazo 50. Kwa hiyo asili yake ni mtu aliyeibiwa akaweka komeo. Mabenki na makampuni makubwa hutumia njia za namna hii kila siku, wala hatujasikia meneja wa benki akiitwa mhalifu kwa sababu hiyo.

Hapa petu, Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni ambao kazi zao zahitaji VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo lilisimama juu ya kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020, na adhabu iliyotajwa ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili pamoja. Sisi hatuna ugomvi na sheria ya kumkamata tapeli. Ugomvi wetu ni na mawazo ya kwamba mtu akifunga bahasha yake yampasa aeleze kwa nini ameifunga. Mwuguzi anayetuma habari za mgonjwa, mweka hazina wa chama cha ushirika anayetazama hesabu za wakulima wa kahawa, mwandishi anayemficha mtu aliyempa habari, hawa wote wana haki ya bahasha iliyofungwa. Kosa liwe katika tendo, si katika gundi.

Tumekwisha sema na wakubwa. Sasa na sisi wenyewe tuambiane ukweli, maana hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi na ndipo wananchi wetu wanapokosea kila siku.

Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetaka kutumia Facebook, WhatsApp na mitandao mingine ya namna hiyo. Ndugu zetu wa huko wakakimbilia VPN ili kuikwepa kodi, na wengi walichukua zile za bure. Twaelewa kwa nini. Lakini ni nani aliyeuliza mwenye handaki ni nani? Yule wakala wa mbali anayefungua mfuko ndiye anayeona sasa yale yote uliyomficha mwenye nyumba ya wageni. Hukuiondoa siri yako mikononi mwa watu. Umeihamisha kutoka mikono hii hadi mikono ile.

Wasomaji wasidhani twatunga. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni ya Israel iitwayo Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure. Watu waliambiwa kwamba italinda habari zao. Kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu wanazozitumia na muda wanaozitumia, na Facebook ilizitumia kuwachunguza washindani wake wa biashara. Agosti 2018 iliondolewa katika duka la programu la Apple, na mwaka 2019 ikafungwa. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliyatoza makampuni mawili yaliyo chini ya Facebook faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watu juu ya jambo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi twawashauri makatibu wetu. Tawi au wilaya yenye fundi inaweza kukodi seva yake ndogo kwa dola chache kwa mwezi na kupitisha handaki la SSH humo. Kompyuta nyingi za siku hizi zina SSH tayari, na kivinjari huelekezwa kupita humo kwa dakika chache. Tena kivinjari kiambiwe kwamba hata kuuliza anwani za tovuti kupitie handakini, la sivyo maswali yatatoka nje uchi huku majibu yamevaa nguo. Na siku ya kwanza ya kuunganisha, seva itaonyesha alama yake, msururu mrefu wa herufi na tarakimu, na kuuliza kama mwaitambua. Tumewaona watu wengi, hata mafundi, wakijibu ndiyo bila kusoma. Ulinganishe na alama mliyopewa na fundi, kwa maana mwizi anayejifanya seva yenu hukutana nanyi hapo hapo mlangoni.

Handaki halitaiponya simu iliyokwisha tiwa programu ya ujasusi. Halitakuficha ukiingia mahali kwa jina lako mwenyewe. Na mtandao ukizimwa wote, kama ulivyozimwa Uganda Januari 2021 na kwetu Oktoba 2025, halina pa kupita.

Wale ambao kazi zao zaihitaji njia hii na sheria yawataka waandikishe, waandikishe, na huku tukidai kwa sauti kanuni hiyo irekebishwe. Na katibu yeyote aliye na VPN ya bure katika simu yenye majina ya wanachama, aiondoe leo kabla ya kulala.