Mvita Si Ukuta wa Kupigia Picha

Orodha za "vivutio 10 vya Mombasa" nimeandika si chini ya sita. Ndizo zilizonilisha tangu niache chuo mwaka wa pili: mtu yuko Nairobi, ana tovuti ya safari, ataka maneno 500 kufikia jioni. Orodha zote ni moja. Fort Jesus, milango ya Mji wa Kale, pembe za Moi Avenue, viazi karai, machweo baharini. (Jua la Mombasa halitui baharini, lachomoza huko, lakini hilo halijawahi kumsumbua mhariri.) Mara moja niliongeza kivuko cha Likoni, upande huu wa kisiwani, saa kumi na mbili asubuhi, watu wanashuka feri kama mchanga uliomwagwa. Kikakatwa. Pembeni ameniandikia: "Hii haina vibe."

Basi niseme hapa, ambapo hakuna wa kunikata. Mvita wanayoiuza kwenye orodha hizo ni Mvita iliyotolewa watu. Na hilo lina faida kwa wanaotutawala.

Mvita ni eneo bunge, si mtaa wa makumbusho. Lina wadi tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo, na Shimanzi/Ganjoni. Popote ulipo ndani yake, tembea kidogo tu utafika majini. Jina lenyewe wazee hulihusisha na vita, na vita vyenyewe havikuwa vya mandhari. Mreno alianza kujenga ngome 1593, Waomani wakaizingira 1696, wakaitwaa 1698. Hakuna aliyekaa miaka miwili na zaidi akila risasi ili apate pa kupigia picha. Waligombania bandari na ushuru wake. Swali lilikuwa nani ale kwa bahari hii, na hadi leo ndilo hilo hilo.

Chukua mwaka 2019 peke yake. Agosti ikatoka amri kwamba kontena za kwenda bara zipande reli ya SGR, zikashughulikiwe huko juu. Madereva wa trela, makanika, mawakala wa forodha, makarani wa Shimanzi, na kina mama waliokuwa wakiwapikia wote hao, wakaanza kuhesabu siku. Kukawa na maandamano kila Jumatatu. Septemba 29, gari likateleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa majini. Oktoba amri ya reli ikasimamishwa, kabla ya wageni wa heshima kuwasili. Kisha Oktoba 20, Siku ya Mashujaa ikaadhimishwa kwenye bustani mpya ya Mama Ngina, ekari 26 zilizopambwa kwa zaidi ya shilingi milioni 400, mbele ya mkondo ule ule uliokuwa umewameza wale wawili. Bendi zikapiga. Picha zikatoka nzuri sana.

Miezi mitatu, pwani moja. Kazi ya bahari ikitaka kupandishwa bara, njia ya kuvuka bahari ikiua, na sisi twapewa mahali pa kuitazama.

Septemba 2022 rais mpya, siku ya kuapishwa, akatangaza shughuli za bandari zirudi Mombasa. Watu walishangilia, nami nilifurahi, nisiwe mnafiki. Lakini angalia mchezo wenyewe: riziki ya mji mzima yaondoka kwa amri na yarudi kwa hotuba. Mtu akikupa kwa hotuba, hotuba nyingine yatosha kukunyang'anya.

Na hapa ndipo huwa nashangaa kwa nini hatupigi kelele. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inataja feri na bandari katika kazi za kaunti; kilichobaki kwa serikali kuu ni usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Imeandikwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, bandari na feri zote bado ziko mikononi mwa shirika la serikali kuu, na kaunti imeachiwa kuzoa taka za Marikiti. Wanasheria watakuambia maneno hayo yana tafsiri zake. Sawa. Nani amewahi kusimama jukwaani Tononoka akatueleza tafsiri hizo? Twaelezwa kuhusu taa za barabarani, na fulana twagawiwa.

Utajibiwa kwamba vivutio vinaleta utalii, na utalii unaleta kazi. Kazi wapi? Mahoteli makubwa ya ufuo yako Nyali, Bamburi, Shanzu, Diani. Simama nje ya Fort Jesus asubuhi moja uhesabu. Gari la watalii linafika, wanaingia ngomeni, wanapita vichochoroni wakipiga picha milango ya watu na watoto wa watu, wananunua pakiti mbili za viungo, wanarudi hotelini kula chakula cha mchana walichokwisha lipia. Aliyekalia kiti cha kahawa pale kona hapati hata salamu. Yeye ni sehemu ya ukuta.

Sasa usinielewe vibaya kuhusu ile bustani. Naenda. Sisi twaiita Lighthouse bado, na twaenda tangu kabla ya vigae. Njoo Jumapili jioni: familia nzima imejipanga ukingoni, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu kwenye karatasi, madafu, mabuyu yanayopaka watoto midomo nyekundu, meli ya kontena inapita karibu hadi waweza kumpungia mkono baharia. Mibuyu imesimama pale pale ilipokuwa kabla ya serikali zote hizi. Mama wa Majengo mwenye shilingi hamsini na tajiri mwenye gari la milioni nane wanapigwa na upepo mmoja, na hakuna anayewauliza wanataka nini. Hicho ndicho kivutio, kama lazima neno hilo litumike. Pa kukaa bure.

Kwa hiyo siku utakapoona geti la kiingilio pale, jua tumeibiwa. Na si kitu cha kuwazia tu. Nenda Tudor utafute njia ya kushuka majini. Utatembea ukuta baada ya ukuta, vigae vya chupa juu, mbwa nyuma ya geti, bahari unaisikia pumzi yake na huioni. Mvuvi anayetaka kutia ngalawa yake apitie wapi? Na watoto waogelee wapi, kwenye picha?

2027 iko karibu. Mgombea atakuja maskani na msafara wake, atakaa kwenye benchi kama mwenyeji, ataagiza kahawa chungu na kashata kwa wote na kuuliza, "Vijana, mwataka nini?" Muulize Jedwali la Nne lasemaje kuhusu feri. Muulize ni njia ngapi za umma za kwenda majini zilizobaki Tudor, azitaje moja moja. Kahawa mwacheni alipe.