Mlango Usio na Kanuni Hufunguliwa kwa Kujuana

Kaa kantini na wanafunzi wa uzamili wa chuo chochote chenye jengo la maabara linalotumiwa na idara kadhaa, na chai haitaisha kabla hujasikia lawama: kanuni zimezidi. Kuna fomu ya kuomba ruhusa ya kuingia, mafunzo ya usalama, kadi ya mlangoni, daftari la zamu za mashine, marufuku ya kula, marufuku ya kuleta mgeni, marufuku ya kubaki peke yako usiku. Wahadhiri nao huitikia, tena wengine kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi wao. Hitimisho huwa moja: jengo limejengwa kwa fedha za umma, sayansi haina saa za kazi, na mtu mzima mwenye shahada yake anajua anachofanya. Fungueni mlango, watu wafanye kazi.

Lawama hii haikuzuka tu. Mwanafunzi wa uzamili anakimbizana na tarehe ya mwisho ya ufadhili. Seli anazozikuza zinataka chakula Jumapili kama zinavyokitaka Jumatatu. Umeme ukikatika mchana katikati ya kipimo, pengine usiku ndio muda pekee wa kukirudia. Mtu wa namna hiyo akiambiwa asubiri wiki mbili kwa kuwa mwenye kutia sahihi amesafiri, ana haki ya kukasirika. Hasira yake naikubali. Dawa anayoipendekeza ndiyo ninayoikataa. Anaamini kwamba kanuni zikipungua, mlango utafunguka kwa wote. Utafunguka, ndiyo, lakini kwa wachache, na huenda yeye asiwemo.

Tazama jinsi inavyoendeshwa maabara isiyo na kanuni zilizoandikwa. Ufunguo unakaa kwa mtu. Anayetaka kutumia mashine ya PCR sharti ajue mtu huyo yuko wapi saa hizi, awe na namba yake ya simu, na wawe wanaelewana. Mwanafunzi wa profesa mwenye jina anaingia saa yoyote apendayo. Aliyetoka chuo kingine, au aliyeanza juzi na msimamizi wake yuko ng'ambo, anaambiwa "njoo kesho". Hakuna aliyemkatalia, wala hakuna aliyemruhusu. Hana fomu ya kuonyesha, hana tarehe ya kudai jibu, hana pa kukata rufaa. Kumbe ile karatasi anayoilaani ndiyo ambayo ingemtetea. Daftari la zamu likiwekwa mezani, na jina lake likiwa limeandikwa saa nne hadi saa sita, hata profesa mwenye jina atangoja saa sita ifike.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu vifaa ni vichache na wahitaji ni wengi. Kituo cha BecA, kilichomo katika kampasi ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI jijini Nairobi, kiliundwa kwa kulijua hilo: watafiti wa Afrika Mashariki na Kati watumie kwa pamoja vifaa ambavyo chuo kimoja kisingevimudu. Mahali pa namna hiyo, mtafiti anaweza kusafiri na sampuli zake kutoka nchi nyingine. Akifika akakuta mashine imeshikwa na mwenyeji ambaye hakuandika jina popote, safari imeharibika. Ushirika wa vifaa haukamiliki kwa kununua mashine. Unakamilika pale mgeni anapokuwa na hakika ya zamu yake sawa na mwenyeji.

Wapo wanaojibu kwamba kanuni si lazima ziandikwe. Watu wazima huelewana kwa maneno. Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamili wa kemia alikuwa akisaga kemikali ya kulipuka kwa kinu na mchi. Ikalipuka. Alipoteza vidole vitatu, akaungua na kuumia jicho. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilipofuatilia, ilikuta kwamba kiwango cha mwisho cha kutengeneza kemikali hiyo kilikuwapo: miligramu 100. Kilikuwa kimesemwa kwa mdomo tu. Kiasi kilichokuwa kimetengenezwa ni karibu gramu 10, yaani mara 100 ya kile kikomo. Kanuni ya mdomo humfikia aliyekuwapo siku iliposemwa, na chuo hupokea watu wapya kila mwaka.

Hoja nyingine ya walalamikaji ni ya ujuzi: mafunzo ya usalama wapewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, bingwa aachwe. Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, alikuwa bingwa wa kuchunguza madhara ya metali zenye sumu. Tarehe 14 Agosti 1996, matone machache ya kiunga cha zebaki kiitwacho dimethilimekuri yalimdondokea kwenye mkono uliovaa glavu ya lateksi. Alikuwa amevaa alichotakiwa kuvaa na anafanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Miezi ikapita bila dalili, kisha akaanza kupepesuka na kushindwa kutamka maneno sawasawa. Alifariki tarehe 8 Juni 1997. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba kemikali ile hupenya lateksi kwa sekunde chache tu. Ujuzi wake haukumkinga kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijajulikana. Mafunzo ya kurudiwa yapo kwa ajili hiyo: kumfikishia bingwa habari iliyopatikana tangu alipohitimu. Tena kisa hiki kinatufundisha jambo ambalo watetezi wa kanuni hatupendi kulisema, kwamba kanuni inaweza kufuatwa na bado ikaua, ikiwa haipitiwi upya.

Lakini kosa kubwa zaidi katika kauli ya "ninajua ninachofanya" ni kudhani kwamba hatari ni ya anayefanya. Ndani ya jengo la pamoja, jirani yako hajui unafanya nini. Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, alikuwa mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Alipona, na dunia ikaanza kuhesabu siku za ushindi. Mwaka uliofuata ndui iliua tena, safari hii ndani ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Janet Parker alikuwa mpiga picha wa kitabibu katika idara ya anatomia. Hakuwa mtafiti wa virusi na hakuwa na kazi ndani ya maabara ya ndui. Chumba chake kilikuwa tu katika jengo lile lile, ghorofa ya juu ya maabara hiyo. Aliugua tarehe 11 Agosti 1978 na kufariki tarehe 11 Septemba. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba virusi vilivyomwua vilitoka katika maabara ya chini yake. Ni kwa njia gani vilimfikia, wataalamu wamebishana hadi leo. Profesa Henry Bedson, mkuu wa maabara hiyo, alijiua kabla hata mgonjwa hajafariki.

Mwenye kusema "hii ni maabara yangu, mnaniingiliaje?" akumbuke ghorofa ile. Hewa na maji machafu havijui mipaka ya idara. Ruhusa ya kuingia, orodha ya vimelea na kemikali zilizomo, na kibao cha onyo mlangoni vimewekwa kwa ajili ya mpiga picha wa ghorofa ya juu, mfagiaji wa alfajiri, na fundi wa viyoyozi anayepanda darini bila kujua kinachopita ndani ya bomba.

Vipi kuhusu saa za usiku? Hapa ndipo hoja ya "sayansi haina saa" hupendwa zaidi, nami nakubali kwamba kufunga jengo saa kumi na mbili jioni ni uvivu wa utawala. Lakini kuna tofauti kati ya kubaki usiku na kubaki peke yako. Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa akitumia mashine ya kukereza chuma usiku kwenye karakana ya jengo la maabara ya kemia. Alikuwa na mafunzo. Nywele zake zilinaswa na mashine, na hapakuwa na mtu karibu wa kuizima. Chuo kilibana saa za wanafunzi kutumia karakana zake na kutaka wawe na usimamizi. Kanuni ya watu wawili haimkatazi mtafiti usiku wake. Inamtaka awe na mwenzake anayeweza kubonyeza kitufe chekundu.

Zimebaki zile kanuni ndogo ndogo zinazochekwa. Chukua ile inayosema mtungi wa naitrojeni ya kimiminika usipande lifti na mtu: mmoja ausukume ndani, abonyeze ghorofa, atoke; mwingine aupokee juu. Inaonekana ni mchezo wa kuigiza. Sasa fanya hesabu. Lita moja ya kimiminika hicho ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700, na chumba cha lifti ni kidogo. Umeme ukikatika, lifti ikakwama, na mtungi ukiwa umemwagika, gesi hiyo inasukuma oksijeni nje. Haina harufu wala rangi, na mwili haukupi onyo la kukosa pumzi, kwa kuwa tunachokihisi tunapobanwa ni kuzidi kwa kabonidioksidi, si upungufu wa oksijeni. Mtu anazimia akiwa bado anafikiri yu salama. Katika miji yetu, ambako lifti kukwama si habari, kanuni hiyo ilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote.

Au ile ya glavu: ukitembea kwenye korido na sampuli, mkono mmoja uwe mtupu. Wenye glavu ubebe, mtupu ufungue mlango na kubonyeza lifti. Asiyeifuata anaacha kemikali yake kwenye kitasa, na anayefuata kukishika anakwenda zake kula chapati. Halafu kuna inayotuudhi kuliko zote, ya kutomshikia mwenzako mlango wa kadi. Malezi yetu yanasema umshikie, hasa akiwa mkubwa wako. Lakini kadi ndiyo inayohesabu nani yumo. King'ora cha moto kikilia, aliyeingia kwa adabu yako hayumo katika orodha, na zimamoto hawatamtafuta. Mshikie mlango, sawa, ila agonge kadi yake kwanza.

Wengine husema haya yote ni ya kuletewa, kwamba sisi mali ya pamoja tunaitumia kwa kuaminiana. Historia inasema vingine. Mifereji ya Wachaga na malambo ya ndiva ya Wapare yamegawa maji mashambani kwa vizazi, na hayakugawa kwa kuaminiana kutupu. Palikuwa na zamu, wasimamizi, siku za kuzibua mfereji, na faini kwa anayekwepa kazi au kuiba maji. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa na tamaa ya kila mmoja. Elinor Ostrom alimjibu kwa kuchunguza jamii zilizofanikiwa kutunza misitu, malisho na maji yao, na mwaka 2009 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Aliona kwamba zilizodumu zilijua nani ni mtumiaji na nani si mtumiaji, ziliwashirikisha watumiaji kutunga kanuni, ziliadhibu kwa ngazi, na zilikuwa na njia rahisi ya kusuluhisha ugomvi.

Kwa kipimo hicho, kanuni nyingi za maabara zetu zinafeli, na hapo walalamikaji wana haki yao yote. Zimenakiliwa kutoka chuo cha nchi nyingine pamoja na namba ya simu ya dharura isiyopokelewa hapa. Mafunzo yanatolewa mara moja kwa muhula, aliyechelewa anangoja miezi. Sahihi inatakiwa kwa mtu mmoja bila naibu. Mwanafunzi aliyesahau koti anafukuzwa, profesa anapita na kikombe cha kahawa hadi kwenye friji ya sampuli. Kanuni inayomfunga mdogo na kumwacha mkubwa ni cheo kilichovaa koti la maabara.

Basi madai yawe mahususi. Ombi la kuingia lijibiwe ndani ya siku zilizotajwa kwenye fomu, na likikataliwa sababu iandikwe. Mwenye kutia sahihi awe na naibu. Mafunzo yatolewe kila wiki, hata kwa watu watatu. Kila kanuni iandikwe na sababu yake chini yake, na isiyo na sababu ifutwe. Wanafunzi, mafundi sanifu na wafagiaji wawe na kiti katika kamati inayozipitia kila mwaka. Na wa kwanza kukosa zamu kwa kutoandika jina lake daftarini awe mkuu wa idara, mbele ya wanafunzi wake. Siku hiyo hakuna atakayeuliza tena kanuni zipo kwa faida ya nani.