Masharti ya Kozi ya Hisabati Mtandaoni: Je, Hupimwa Akili au Bando?

Tarehe 15 Machi 2020, serikali ya Kenya ilipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo kutokana na janga la korona, masomo ya mtandaoni yalikuwa bado shughuli ya wachache katika vyuo vikuu vya humu nchini. Katika muda wa miezi michache, wahadhiri ambao hawakuwahi kufundisha bila ubao walijikuta wakizungumza na vioo vya tarakilishi. Janga lilipopungua, wanafunzi walirejea mabwenini, ila si mihadhara yote iliyorejea madarasani. Kozi za pamoja, zile zinazosomwa na mamia ya wanafunzi wa vitivo mbalimbali, ndizo zilizoelekea kusalia mtandaoni, na katika vyuo kadhaa kozi ya utangulizi ya hisabati ni mojawapo. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya nacho kilitunukiwa hati ya kuanzishwa, na mtandao ndio tegemeo lake la kufundishia tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo swali la kama hisabati yaweza kufundishwa mtandaoni limekwisha kupitwa na wakati. Lililobaki ni la masharti: mwanafunzi wa kozi hiyo anatakiwa awe na nini, afanye nini, na akikosa afanywe nini.

Majibu ya maswali hayo hupatikana katika mwongozo wa kozi, waraka wa kurasa tatu au nne ambao hutumwa kwa wanafunzi juma la kwanza na ambao ni wachache wausomao hadi mwisho. Darasani, waraka huu haukuwa na uzito mkubwa. Mhadhiri aliupitia kwa haraka, akaufafanua kwa Kiingereza na pengine kwa Kiswahili cha mzaha, na aliyebaki na shaka alimfuata mlangoni. Mtandaoni hakuna mlango. Mwongozo ndio unaosimama mahali pa mhadhiri, na kila neno lililomo hutekelezwa na mtambo usiojua kuuliza, "Kulikoni?" Makala haya yanashikilia kwamba miongozo mingi ya kozi hii imeandikiwa mwanafunzi asiyekuwepo: mwenye tarakilishi yake, chumba chake, umeme usiokatika na Kiingereza cha mawakili. Mwanafunzi aliyepo huanguka kabla hajaulizwa mbili na mbili ni ngapi.

Sharti la kwanza ni la kuingilia. Anayetaka kusomea shahada katika vyuo vikuu vya Kenya hutakiwa awe na wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE. Tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani huo hukokotolewa kwa kutumia hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Maana yake ni kwamba mtahiniwa aliyepata D ya hisabati anaweza kabisa kufikia C+ akiinuliwa na Kiswahili, historia na somo la dini. Huyo ndiye ajaye chuoni kusomea ualimu, utalii au biashara, kisha akakutana na kozi ya hisabati iliyo ya lazima. Mwongozo humwarifu kwa sentensi moja kwamba anatarajiwa kuwa na msingi imara wa aljebra ya shule ya upili, basi. Hakuna ampimaye wala amwonyeshaye pa kujiimarishia. Na tatizo hili halielekei kupungua. Serikali ilipoamua Aprili 2025 kuwa hisabati itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, iligawanya somo hilo mara mbili, moja la wanaofuata sayansi na jingine jepesi la wengineo. Mwongozo utakaoendelea kutaja "hisabati ya shule ya upili" kwa jumla hautakuwa umesema lolote.

Ughaibuni jambo hili limeshughulikiwa kwa njia tofauti. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kufundisha mwaka 1971, kilijengwa juu ya msingi wa kutodai vyeti vya kuingilia. Lakini anayekusudia kuanza hisabati hupewa maswali ya kujipima mwenyewe kabla ya kujisajili, ili ajue ngazi inayomfaa. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuvizuia vyuo vya jamii kuwarundika wanafunzi katika kozi za chini za hisabati kwa kutegemea mtihani mmoja wa kuingilia. Rekodi ya mwanafunzi katika shule ya upili ilipasa itazamwe. Baadhi ya wahadhiri walilalamika kwamba wanafunzi dhaifu wanatupwa majini bila kufunzwa kuogelea. Kila upande una hoja yake. Lakini pande zote zilichukulia kwamba udhaifu wa mwanafunzi katika hisabati ni jambo la chuo kulishughulikia. Huku kwetu umekuwa siri ya mwanafunzi mwenyewe, na hufichuka siku ya matokeo.

Sharti la pili ni la mahudhurio, na hapa ndipo bando linapoingia. Vyuo vingi vya Kenya humtaka mwanafunzi ahudhurie angalau theluthi mbili ya mihadhara ndipo aruhusiwe kufanya mtihani. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki yake darasani, ambapo kuhudhuria kulihitaji miguu tu. Ilipohamishiwa mtandaoni bila kubadilishwa neno, kuhudhuria kuligeuka kuwa kununua. Mwanafunzi aliyeko Lodwar au Lunga Lunga, anayefuatilia mhadhara wa saa mbili kwa picha na sauti kwenye simu ya mkono, humaliza bando kabla mhadhiri hajamaliza mfano wa pili. Mtambo humwandika kuwa hayupo. Mwenzake aliyejiunga, akaiacha simu mezani na kwenda zake kunywa chai, huandikwa kuwa yupo. Chuo kinachodai kupima mahudhurio kwa njia hii kinapima uwezo wa kifedha. Ingetosha mhadhara uwekwe pia kwa sauti pekee pamoja na kurasa za maelezo, ambazo hula sehemu ndogo sana ya bando, na mahudhurio yahesabiwe kwa maswali mawili matatu ambayo mwanafunzi anajibu baada ya somo.

Pacha wa sharti hilo ni lile la kazi zote kupigwa chapa. Anayefundisha fasihi aweza kulidai bila kumwonea mtu. Insha hupigika hata kwenye simu. Lakini yeyote aliyewahi kujaribu kuandika kipeuo cha pili cha sehemu, ambayo juu yake pana mabano na chini pana kipeo, kwa kutumia vitufe vya simu, anajua kwamba hiyo si hisabati tena bali ni kazi ya fundi saa. Wanafunzi huishia kupeleka karatasi zao saiba wapigiwe chapa kwa malipo, na mpiga chapa ambaye hajui tofauti kati ya mara mbili na kipeo cha pili huzirudisha zikiwa zimeharibika. Hisabati huandikwa kwa mkono tangu jadi, na hata wanahisabati waliobobea hufikiri wakiwa na kalamu. Picha ya ukurasa wa daftari, iliyopigwa kwa simu na kutumwa, humwonyesha mhadhiri hatua zote pamoja na mahali mwanafunzi alipokata na kuanza upya. Kwa mhadhiri mwenye nia ya kufundisha, mkato huo una faida kuliko jibu sahihi.

Kuhusu makataa ya kuwasilisha kazi, haki itendeke kwa wahadhiri. Mgala muue na haki yake mpe. Hisabati ni nyumba ya ghorofa: asiyeshika milinganyo sahili juma la pili hawezi kuelewa milinganyo ya kipeo cha pili juma la tano. Kozi isiyo na makataa ya kila juma huwaacha wanafunzi walimbikize kazi hadi juma la mwisho, na hapo huwa hawajifunzi tena, hunakili. Kwa hiyo wanaodai makataa yafutwe hawawatakii wanafunzi mema. Kinachopingwa hapa ni sifuri. Kanuni ya kwamba kazi iliyochelewa kwa dakika moja hupata sifuri ni nyepesi kwa mtambo kuitekeleza, na huenda ndiyo sababu inapendwa. Saa sabini na mbili za ziada kwa kazi mbili au tatu katika muhula, bila kuulizwa sababu na bila kuleta barua ya chifu, zingewaokoa waliokatikiwa umeme bila kuwalea wazembe.

Hata hivyo, jambo linalowaponza wanafunzi kwa ukimya zaidi limo katika ukurasa wa mwisho wa mwongozo, kwenye kanuni za mitihani. Kwa desturi ya vyuo vingi vya Kenya, kazi za muhula huchukua alama 30 na mtihani wa mwisho 70, na alama ya kufuzu ni 40. Anayekosa mtihani kwa sababu inayokubalika, kama vile ugonjwa au msiba, na akaomba kwa wakati, hupewa mtihani maalumu, na alama zake huhesabiwa zote. Anayeanguka hupewa mtihani wa marudio, na hata akipata 85 huandikiwa 40. Tofauti ya mitihani hii miwili ni tofauti ya shahada nzuri na shahada ya kusitiri aibu. Mwanafunzi ambaye mtandao ulimkatikia katikati ya mtihani aweza kuwa na haki ya ule wa kwanza, lakini aghalabu huuomba wa pili, au hunyamaza akidhani kwamba ameanguka. Hajui, kwa sababu kanuni imeandikwa kwa Kiingereza cha sentensi ya mistari sita, yenye "isipokuwa" tatu ndani yake. Ukiongeza ugonjwa sugu wa alama kupotea, ambao msomaji yeyote wa jarida hili haelezwi akaelewa, utaona jinsi kozi ya juma kumi na nne inavyoweza kumfuata mtu hadi mwaka wa nne.

Suala la udanganyifu haliwezi kukwepwa. Siku hizi kuna programu za simu zinazopigwa picha ya swali zikatoa jibu na hatua zake. Vyuo vingine ulimwenguni vimelijibu hili kwa kamera: mwanafunzi huamriwa azungushe kamera aonyeshe chumba chote kabla ya mtihani. Agosti 2022, mahakama moja ya shirikisho nchini Marekani iliamua, katika kesi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland, kwamba kukagua chumba chake hivyo kulikiuka haki yake ya kikatiba dhidi ya upekuzi usio na sababu. Kenya ina kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, na ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chumba cha mwanafunzi wa Kenya mara nyingi ni chumba cha watu watano, na kamera ingewaonyesha wote. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimekuwa na vituo mikoani ambako wanafunzi hufika kufanya mitihani yao. Njia hiyo ni ya kizamani lakini ni ya heshima, na kwa kozi ya hisabati yenye mtihani mmoja wa mwisho si ghali kuliko mitambo ya kupeleleza.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini AVU, chuo cha mtandaoni cha Afrika kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa mradi wa Benki ya Dunia na kikawa na makao yake Nairobi, kilipotoa moduli zake za kufundishia walimu wa hisabati, kilizitoa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Husemwa kwamba istilahi hazipo. Tanzania imekuwa ikifundisha hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na watoto wa huko hukua wakitaja mlinganyo, kipenyo, mzingo na kipeuo bila kumkumbuka mwanaistilahi yeyote. Isitoshe, sifuri, hisabati na aljebra zote zina asili ya Kiarabu. Kiswahili kilizipata mbili za kwanza kutoka kwa jirani yake wa karibu, na Kiingereza kikaifuata ya tatu kwa njia ndefu.

Makala haya hayadai kwamba mtihani wa mwisho utungwe kwa Kiswahili muhula ujao. Yanadai masharti, yaani kurasa zile tatu au nne, yatolewe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza. Kazi hiyo haitaki wanahisabati, inawataka watu wa lugha, na inataka uangalifu. Chukua mfano wa makataa: kwa Mswahili wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia mchana wa Jumatatu. Mfasiri akiandika tu kwamba kazi ifike "usiku wa Jumatatu", mwanafunzi wa Lamu ataiwasilisha saa ishirini na nne mapema na wa Kakamega ataiwasilisha Jumatatu yenyewe, na kila mmoja atakuwa amesoma sawasawa. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri ambao kila mwaka hufanyishwa mazoezi ya kufasiri hotuba na matangazo ambayo hakuna anayeyasubiri. Wapewe mwongozo wa kozi ya hisabati, wakae na mhadhiri wake siku mbili wamhoji kila sharti lina maana gani na lipo kwa nini, na waanze na ile sentensi ya mistari sita inayotenganisha mtihani maalumu na mtihani wa marudio.