Changi, Kisauni na begi langu la kutoka Ifakara



Juzi kijiweni kulizuka ubishi. Jamaa mmoja alikuwa ameona picha za Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, yale maporomoko ya maji ya ndani ya jengo, akauliza sisi tunashindwa nini. Wengi wakamjibu fasta: hela. Mimi nilipita pale Novemba 2019, na hilo jibu la hela halinitoshi. Hebu tuchambue kidogo.

Singapore yote ni kama kilomita za mraba 730. Ardhi oevu ya bonde letu la Kilombero, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, ni zaidi ya 7,900. Yaani zinaingia Singapore kumi na chenji inabaki! Nchi ya mji mmoja haina ndege za ndani, maana ukiruka tu umeshavuka mpaka. Kwa hiyo tangu Changi ifunguliwe mwaka 1981, mtu wanayemwinda sana ni mpita njia, yule anayetoka Ulaya kwenda Australia na anabadilisha ndege pale. Mwaka 2019 walipita abiria milioni 68, wakati watu wa nchi nzima mwaka huo walikuwa hawafiki milioni sita. Huyo mpita njia ndo aliyewekewa bustani ya vipepeo, sinema ya bure, viti vya kujinyoosha na maji ya kunywa. Asipofurahi, kesho atapitia Dubai au Doha.

Ila kuna kitu kilinigusa kuliko vipepeo. Yale maporomoko yako kwenye jengo la Jewel, lililofunguliwa 2019, na jengo lenyewe liko nje ya uhamiaji. Unaingia bila tiketi wala pasipoti. Treni ya mjini inafika uwanjani tangu 2002. Wanafunzi wa kule wana mtindo wa kwenda kusomea mitihani uwanja wa ndege, na wanatengewa sehemu. Mwenyeji wao wa mbali kabisa yuko mwendo wa saa moja na kitu. Analala kwake, anaamka, anakwenda kupanda ndege.

Sasa mimi. Siku ile haikuwa siku ya treni ya Tazara, nikapanda basi alfajiri. Vumbi la Ifakara mpaka Kidatu (enzi zile bado ni vumbi), Mikumi, Morogoro, mpaka Ubungo jua limezama. Ni zaidi ya kilomita 400. Ndege yangu ilikuwa kesho yake mchana, na hakuna mtu wa huku anayethubutu kusafiri siku hiyohiyo ya ndege, tairi likipasuka Mikumi umekwisha. Nikalala gesti, neti ina matundu ya kupitisha ngumi. Na kazi yangu mimi ni kukamata mbu vijijini kwa ajili ya watafiti! Wale mbu wa Ubungo walilipiza kisasi cha ndugu zao wote wa Kilombero.

Uwanja wa Dar wenyewe siuonei aibu hata kidogo. Jengo la pili, la mwaka 1984, lilichorwa na Paul Andreu, Mfaransa yuleyule aliyechora Charles de Gaulle kule Paris. Jengo la tatu lilizinduliwa Agosti 1, 2019, lina uwezo wa abiria milioni sita kwa mwaka. Tatizo ni kwamba majengo kama haya, hapa kwetu na kwa majirani, yamefikiriwa kama vile abiria wote wanatokea mjini. Mlangoni unakutana na mashine ya ukaguzi, na kila kilicho kizuri kiko ndani zaidi, baada ya kugongewa muhuri. Mtu aliyefika na begi lake siku moja kabla hayumo kwenye hesabu ya mchoraji.

Zanzibar ndo ingeweza kufanana na Singapore. Ni kisiwa, kina mamlaka yake ya viwanja vya ndege, na Kisauni ni kama kilomita tano tu kutoka Mji Mkongwe. Ukiwa mjini unapanda daladala ya 505 unashuka uwanjani. Jengo lao jipya lilianza kujengwa 2011 kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, likakwama, likaja kutumika miaka kama kumi baadaye, na kazi za pale wakapewa Dnata ya Dubai. Watalii wanashuka moja kwa moja kutoka Ulaya na Ghuba. Safi. Ila mkopo ni wa wananchi wote, na anayeokoa karafuu Pemba ana haki ya kuuliza pale uwanjani kuna nini kwa ajili yake.

Najua mtaniambia usalama. Ni kweli, Dar tulishalipuliwa Agosti 1998, sitaki mashine zitolewe mlangoni. Ninachosema ni banda la nje, kabla ya mashine: mabenchi marefu, maji, choo, soketi ya kuchajia simu, mlinzi, na ada ndogo kama ya choo cha stendi. Gharama yake haifiki popote ukilinganisha na jengo lenyewe.

Na kuna jambo linanichekesha kila nikilifikiria. Stesheni ya Tazara ya Dar ipo Barabara ya Nyerere, barabara hiyohiyo ya kwenda uwanja wa ndege. Mtu wa Ifakara akishuka kwenye treni anatoka barabarani, anadaka daladala ya Gongo la Mboto, basi, amefika. Reli ilianza kujengwa 1970, ikakamilika 1975, uwanja upo, barabara ipo. Kinachokosekana ni mtu wa reli na mtu wa uwanja kukaa meza moja na kupanga ratiba.

Binti zetu wanaokwenda Muscat na Dubai kufanya kazi za ndani wanapita njia hiihii, wengi hawana ndugu Dar, na usiku wa kwanza wanalala popote pale dalali atakapowaambia. Wewe ulilala wapi usiku wa kuamkia safari yako ya kwanza? Na ulilipa shilingi ngapi?