Mbwa akitapika, mwenye mahindi ashtuke

NYUMA ya nyumba nyingi za Mwansabombwe, na kushuka hadi ufukwe wa Ziwa Mweru kule Nchelenge, mbwa hana chakula chake mwenyewe. Hula makoko ya ugali na miiba ya samaki. Mahindi yakiharibika ghalani au unga ukianza kunuka ukungu, neno huwa moja: mpe mbwa.

Neno hilo limeigharimu Zambia. Agosti 2024, Waziri wa Afya wa wakati huo, Elijah Muchima, alitangaza kwamba sampuli za unga zilichukuliwa kwa kampuni 25 za kusaga nafaka na karibu nusu yake zilikutwa na sumukuvu. Taarifa za wakati huo zilitaja mbwa wapatao 400 waliokufa, wakidhaniwa kula chakula cha mahindi yenye sumu hiyo. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na mahindi yaliyodhoofishwa na jua hushambuliwa na kuvu kwa urahisi tangu yakiwa shambani.

Wengi waliisoma kama habari ya mbwa. Ilikuwa habari ya mahindi. Mbwa anayelishwa pumba na ugali kila siku hupata sumu nyingi kwa mwili mdogo, hivyo huanguka mapema. Binadamu anayekula kutoka gunia lilelile huenda asihisi lolote kwa miaka, huku ini lake likiharibika polepole. Ikizidi ghafla, huua watu pia. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizipiga Dodoma na Manyara nchini Tanzania.

Kwa hiyo mbwa akikataa chakula, akitapika, akilegea, akiharisha damu au ufizi na macho yake yakigeuka manjano, mwenye nyumba asikimbilie kumtafutia mizizi. Aache mara moja kumlisha kilekile, ampe maji safi na ampeleke kwa daktari wa mifugo. Sumukuvu haina dawa ya kuiondoa. Mganga husaidia ini tu, na anayewahi ndiye mwenye nafasi. Kisha unga uliobaki ufungwe na kupelekwa pamoja na mgonjwa ukapimwe. Usitupwe ovyo, wala usihamishiwe kwa kuku. Kuuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapoingia. Kila mchuuzi wa mpakani anajua gunia lililokataliwa huenda wapi: hushushwa bei na kuuzwa kama chakula cha mifugo. Inaonekana hasara imeokolewa. Lakini anayenunua chakula cha mbwa kwa bei ya chini, katika msimu wa njaa, si lazima awe na mbwa. Na pumba ndizo hatari zaidi, maana mahindi yakikobolewa sehemu kubwa ya sumu hubaki humo. Gunia lililokatazwa kwa mtu haliwi halali kwa kubadilishiwa jina.

Biashara yenyewe nayo iko hatarini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, wenye mzigo mzuri wakaumia pamoja na wenye mzigo mbovu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kipimo hicho kilikuwa tayari kwenye viwango vya Afrika Mashariki. Kilichokosekana ni kukipima kabla ya lori kuondoka.

Ufukwe wa Mweru una somo la kujifunza hapo. Boti huvuka kati ya Nchelenge na bandari za Kilwa na Pweto upande wa Kongo, zikibeba samaki, unga na bidhaa za dukani. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Zambia haimo, ingawa nchi zote mbili zimo COMESA na SADC. Utaratibu rahisi wa COMESA umempunguzia mchuuzi mdogo makaratasi, lakini haumwondolei wajibu wa usalama wa chakula. Kuvu nayo haiulizi mtu yuko jumuiya gani.

Serikali zinapaswa kuweka vipimo sokoni na bandarini, si makao makuu pekee, na cheti cha upande mmoja kikubaliwe upande wa pili. Kufunga mpaka ni kumwadhibu aliyekausha vizuri. Wachuuzi nao wanaweza kuungana, wakachangia kipimo kimoja kwa shehena nzima.

Mengine hayangoji serikali. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, magunia yakae juu ya mbao mbali na ukuta, na punje zilizovunjika au zenye ukungu zichambuliwe. Chumvi kavu ikitikiswa na mahindi ndani ya chupa kavu na kuachwa robo saa, ikigandamana kwenye kioo, mzigo bado mbichi. Jaribio hilo halipimi sumu. Linapima unyevu unaoilea. Punje zilizochambuliwa zifukiwe au zichomwe.

Hasara ya gunia moja lililofukiwa inauma. Ila mbwa aliyelala nyuma ya nyumba akitapika amekwisha kueleza hasara nyingine itakuwa ya nani.