Dawa ya bure bila nauli haimfikii mtoto

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Tusidhani kwamba saratani ya huku ni kali kuliko ya huko. Saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, huvimbisha taya na kulegeza meno kwa muda mfupi, lakini husikia dawa upesi, na baadhi ya dawa zake ni za zamani na za bei nafuu. Watoto wetu wanakufa kwa sababu ugonjwa unagunduliwa umechelewa, dawa zinakosekana, na, jambo ambalo sisi wachangiaji hatulitazami vya kutosha, matibabu yanaachwa njiani.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Tumaini la Maisha, asasi iliyoanzishwa mwaka 2011, inasaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo, na familia zinazotoka mbali zipate pa kulala. Hayo malazi si nyongeza. Kabla ya kila dripu ya dawa ya saratani mtoto hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka, dawa huahirishwa, pengine wiki nzima. Mama aliyetoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, alipiga hesabu ya siku chache. Sasa, bila malazi hayo, hana pa kufikia, shamba linaota magugu, na watoto wengine wako kwa jirani. Akirudi nyumbani, atapata wapi nauli nyingine? Uvimbe ukishapungua na mtoto akaanza kucheza, ni rahisi familia yenye dhiki kuamini kwamba amepona. Kwa hiyo naona mchango wetu uende kwanza kwenye nauli, malazi na chakula, na utolewe kila mwezi.

Najua wengi tunachanga kwa namna nyingine: picha ya mtoto inasambazwa kwenye simu, fedha zinamiminika siku mbili, kisha kimya. Huruma hiyo ni ya kweli na siibezi. Lakini saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto hutibiwa miaka miwili hadi mitatu, na mtoto ambaye picha yake haikusambaa naye anaumwa. Isitoshe, si haki mgonjwa mdogo aanikwe uso ndipo atibiwe. Kuchanga kwa mpango hakutushindi. Kamati ya harusi hukaa vikao miezi kadhaa na kufuatilia kila ahadi mpaka ilipwe.

Wapo wanaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa haki ya kuidai. Ila bima hulipa hospitali. Haimlipii mama basi wala haimpalilii shamba. Wengine wanauliza kwa nini tuhangaike na saratani ilhali malaria inaua watoto wengi zaidi. Swali hilo ni zito. Hata hivyo maabara inayosoma kinyama cha uvimbe na benki ya damu iliyo tayari huwafaa wagonjwa wengine pia, na mtoto aliyepona ana miongo ya maisha mbele yake.

Hofu kwamba fedha zitaliwa nayo ina msingi, ndiyo maana kuona picha za makabidhiano hakutoshi. Asasi inayotuomba itueleze kila mwaka: watoto wangapi walianza matibabu, wangapi walimaliza dozi zote, na walioacha walifuatwa hadi nyumbani au la.